Kikoa cha Seli

Nilipokuwa chuo kikuu, huko kusini, nilichora seli ya mmea vizuri hata mhadhiri akainua karatasi yangu darasa zima liione. Niliichora kutoka kitabuni. Hadubini za maabara zilikuwa nne, sisi tulikuwa themanini, na mimi si mtu wa kusukumana. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikaona duara jeupe na kope zangu mwenyewe. Nikaandika kwenye ripoti kwamba nimeona kiini. Kwa uongo huo na mwingine wa ukoo wake nikapata shahada ya biolojia, na kwa shahada hiyo nimefundisha seli zaidi ya miaka ishirini bila kuiona hata moja.

Watu waliporudi huku kwetu kaskazini, ghuba ya Tungue, baada ya kukimbia vita, shule yetu nayo ilirudi, kipande kimoja kimoja. Kwanza lilirudi paa, kisha madawati, kisha walimu tuliokuwa hatuna pengine pa kwenda. Mwisho kabisa, kwa sababu ambazo hakuna aliyetueleza, ikaletwa hadubini moja mpya ndani ya sanduku la mbao. Haikuwa na taa. Chini yake ilikuwa na kioo kidogo cha kuelekeza juani, na hilo lilitufaa, maana jua ndicho kitu pekee ambacho shule yetu haijawahi kukiomba serikalini.

Shule inaanza darasa la kwanza na kuishia la tisa. Mimi nilipewa la nane. Darasani mlikuwa na watoto wa miaka kumi na mitatu na vijana wenye ndevu, kwa kuwa miaka ya kukimbia ilimkuza kila mtu ila haikumpandisha mtu darasa. Miongoni mwao alikuwemo binti wa miaka kumi na tisa, mwenyeji wa mji wa Mocímboa da Praia, aliyehamia kwetu na mama yake na mdogo wake wa kike. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba.

Direktori wetu, yaani mkuu wa shule, ni mtu wa historia na jiografia. Hana ukatili, ila anaamini daftari. Wasio na karatasi aliwapima mwenyewe, ana kwa ana, somo baada ya somo. Huyu binti alikuwa ameshavuka Kireno na hesabu, kwa shida, na iliyobaki ilikuwa biolojia. Direktori alimruhusu akae darasani kwangu hadi mwisho wa mwezi, kisha angempima. Akishindwa, angerudishwa la tano, kwa sababu la tano ndilo darasa la mwisho ambalo jina lake lilikutwa kwenye daftari lililonusurika la shule yake ya zamani.

Siku moja nilimuuliza, kwa ujinga wangu, kama la tano lingekuwa baya sana.

“Mwalimu,” akaniambia, “mdogo wangu yuko la tano. Mimi ndiye ninayemsuka aende shule. Wakinirudisha huko, naenda zangu Mtwara kwa mama mdogo, nikakaange samaki.”

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameshaamua, akanipa taarifa tu. Nilimjua mama mdogo huyo kwa sifa: mwanamke mkarimu, mwenye banda la chakula karibu na stendi, ambaye hamrudishi shule mtu yeyote anayejua kugeuza samaki.

Nilikuwa na wiki nne, na darasani binti yule hakuwa anafungua kinywa. Wale wa miaka kumi na mitatu walimwita shangazi. Akiingia asubuhi, kuna mmoja wa mstari wa mbele aliyekuwa akimuuliza kwa adabu kubwa, “Shangazi, umekuja kumchukua mtoto?” Alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, akaandika kila nilichosema, pamoja na makosa yangu.

Bahati nzuri, au hivyo nilidhani, nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku tatu ya mbinu za kazi za vikundi. Nilirudi na kadi za rangi sita. Mbinu ilikuwa hivi: kila kikundi kinapewa sehemu moja ya seli, kinaisoma mpaka kinaimudu, kisha vikundi vinavunjwa na kila mmoja anakwenda kuwafundisha wenzake wa vikundi vingine. Mwezeshaji alituahidi kwamba wanafunzi watajifunza sana na mwalimu atapumzika. Ahadi ya pili ndiyo iliyonivuta.

Basi nikazipanga kadi mezani: kiini, utando, ukuta, chembe za kijani, vakuoli, mitokondria. Ili nisilaumiwe kwamba nimependelea, nilimgeuza mwanafunzi mmoja akatazama ubaoni, mimi nikagusa kadi, yeye akataja kikundi. “Hii ya nani?” “Ya kule dirishani.” “Na hii?” Mambo yakaenda kwa utulivu wa ajabu. Kila kikundi kikachukua kadi yake na kitabu, kikajikunja kwenye kona yake, kikasoma kwa kunong’ona. Nikakaa, nikapumzika kama nilivyoahidiwa.

Baada ya nusu saa nikawaambia wavunje vikundi wakafundishane. Hakuna aliyeondoka. Nikasema kwa Kireno, nikarudia kwa Kiswahili. Wakanitazama kwa huruma. Nikamuuliza mmoja wa kikundi cha utando, kwani kiini kinafanya kazi gani?

“Mwalimu,” akajibu, “hilo si fungu letu.”

Nikawauliza wa kiini wenyewe. Wakatazamana, kisha msemaji wao akasema wanajua, ila kwani nani mwingine anataka? Wale wa vakuoli walikuwa wamelifunika daftari kwa mikono.

Ilinichukua njia nzima ya kurudi nyumbani kuelewa nilichofanya. Huku kwetu, wavu wa juya ukishavutwa na samaki kushushwa mchangani, samaki hupangwa mafungu. Mtu mmoja anageuka, anatazama bahari, mwingine anagusa fungu na kuuliza, hili la nani? Jina likitajwa, basi. Fungu ni lako, na kuchungulia la mwenzio ni kukosa malezi. Nilizaliwa hapa. Nimesimama kwenye mchanga huo tangu sijajua kufunga suruali. Lakini ilibidi niende chuo kikuu, kisha semina, ndipo nirudi kugawa seli kama samaki na kushangaa kwamba kila mtu kaondoka na fungu lake.

Kipindi kilichofuata nilikuwa nimekata tamaa. Niliingia na chaki, tayari kwa imla, mbinu ya mababu. Nilikuwa nimeandika maneno ya kwanza ubaoni niliposikia darasa limenyamaza vibaya. Nikageuka. Kule nyuma, yule binti alikuwa amenyoosha mkono.

“Mwalimu, kwa nini tusile kikoa?”

Wakacheka. “Shangazi ana njaa,” akasema yule wa mstari wa mbele.

Binti akaeleza, akinitazama mimi, kwamba kule kambini walikokimbilia palikuwa na mstari wa mahema saba, na hakuna mwanamke aliyekuwa na cha kujaza sufuria kila siku. Basi wakala kikoa: leo anapika huyu, wote wanakuja kwake, kesho yule. Mwenye zamu hafichi kitu, kwa sababu kesho ni mgeni wa mwingine. Na mgeni naye ana kazi.

“Kazi gani?” nikauliza.

“Anasema kilichopungua. Kama chumvi, chumvi. Asiposema, mwenye zamu hatajua kupika.”

Nikaifuta ile imla, maneno matatu tu, na sijawahi kufuta ubao kwa furaha kiasi hicho.

Kuanzia siku iliyofuata kila kikundi kilikuwa na zamu yake ya kuwakaribisha wengine. Sikutegemea wangelichukua jambo hilo kwa uzito waliolichukua nao. Zamu ya mitokondria, kikundi cha binti yule, wenyeji walileta beseni la mihogo ya kuchemsha, kwa hoja kwamba huwezi kumweleza mgeni habari za nguvu akiwa na njaa. Tukala kwanza, ndipo wakatueleza jinsi chakula kinavyogeuzwa nguvu ndani ya seli, na kila mtu alisikiliza akijua hasa wanachozungumzia kiko wapi kwa dakika ile.

Zamu ya ukuta, tulikuta wamepanga madawati pande zote na kuacha nafasi moja ya kupita. Wa utando wakaingia kama wageni, wakazunguka, wakakagua.

“Ukuta wenu ni mzuri,” akasema mmoja wao, msichana mdogo mwenye sauti ya mwenye nyumba, “ila unapitisha kila mtu. Hata mbuzi. Anayechagua wa kuingia ni sisi.”

“Na bila sisi mngemwagika kama uji,” wakajibiwa.

“Wanyama hawana ukuta na hawajamwagika.”

“Ndiyo maana wanahangaika na mifupa.”

Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma, mahali pa binti yule, na nikaona nimesahau kupumzika. Tofauti ya ukuta na utando ni jambo nililoliandika ubaoni kila mwaka, na kila mwaka nilisahihisha mitihani inayochanganya mmoja na mwingine. Sasa watoto walikuwa wanataniana nalo kama watani kwenye harusi. Na yeye, shangazi, ndiye aliyekuwa mgeni mgumu kuliko wote. Wenye kiini walipojigamba kwamba kiini ndicho mkubwa, chenye maagizo yote, aliwauliza polepole, “Mkubwa anayekaa ndani asitoke, anakula nini? Nani anampelekea?” Ilibidi waende kuuliza kikundi cha mitokondria, kisha cha utando, na waliporudi na jibu walikuwa wamefundishwa na vikundi viwili bila mimi kunyanyua kidole.

Aibu ilinifika zamu ya chembe za kijani. Siku hiyo niliamua kuitoa hadubini sandukuni. Nilimenya ngozi nyembamba ya kitunguu, nikaweka tone la ile dawa ya vidonda ya rangi ya chai kavu, nikakielekeza kioo juani, nikawapanga mstari. Waliona vyumba vilivyopangwa kama matofali, kila kimoja na kidoa chake, na wakafurahi. Kisha mgeni mmoja akatimiza kazi yake.

“Mmetualika kijani. Kijani kiko wapi?”

Wenyeji wakanitazama. Kitunguu kinakaa gizani chini ya udongo. Ngozi yake haina chembe za kijani hata moja. Nalijua hilo. Nilikuwa nalijua wakati ninakimenya. Nikasema kipindi kimekwisha, ingawa hakikuwa kimekwisha.

Kesho yake asubuhi binti alikuja na kopo la maziwa lililojaa maji ya bahari. Yeye na mama yake huokota kombe kwenye fungu la mchanga maji yanapokupwa, na huko huota majani madogo ya duara, ukubwa wa ukucha, ambayo watu huyakanyaga bila kuyapa jina. Alisema ni membamba kuliko ngozi ya kitunguu, ukilishika moja unaona kidole chako upande wa pili. Tukaweka moja kwenye kipande cha kioo pamoja na maji yake. Nikainama wa kwanza, kwa haki ya umri na mshahara.

Sijui nikifananishe na nini nilichokiona. Vyumba vilikuwa vingi kupita macho, kuta zake angavu, na ndani ya kila chumba punje za kijani, nzima, za mviringo, zimejipanga ukingoni. Nilirekebisha kidogo, na ndipo nikaona kwamba punje zinakwenda. Taratibu, moja nyuma ya nyingine, zikizunguka chumba chao. Nikaondoa mkono mezani nikidhani ninatikisa. Ziliendelea kwenda. Nikazuia pumzi. Ziliendelea. Katika jani lililookotwa chini ya miguu ya watu wanaotafuta kitoweo, kulikuwa na msafara ambao haukuwa na habari na mimi wala na shahada yangu.

“Umeona, mwalimu?” akauliza.

“Nimeona,” nikasema.

Akainama yeye. Alikaa muda mrefu, mkono mmoja umeshika ushungi usiangukie kioo.

“Zinatembea,” akasema. “Na hakuna anayezisukuma.”

Kisha, bila kuinua kichwa: “Tunazikanyaga kila siku.”

Darasa zima lilipita pale, mmoja mmoja. Yule wa mstari wa mbele alitazama, akaondoka, akarudi mwisho wa mstari, akatazama tena, na siku hiyo hakumuuliza mtu habari za mtoto. Mwingine alisema subhanallah kwa sauti ya ndani, kama mtu aliyeamshwa. Mimi nilikuwa nimesimama kando na chaki mkononi, nikijisikia nilikuwa nimefundisha habari za mji kwa miaka ishirini na leo ndipo nimefika.

Siku ya kupimwa ilikuwa ya mwisho kabisa ya mwezi. Direktori alikuja saa tatu na nusu, akaketi mezani kwangu, akafungua daftari. Mimi niliambiwa nikae nyuma, nisifungue kinywa, adhabu ambayo mke wangu angelipia ili aione. Binti alisimama mbele.

Direktori alimwuliza kwa Kireno ataje sehemu za seli. Alitaja tano, akakwama. Akaulizwa maana ya mitokondria kama ilivyo kitabuni. Alianza kwa Kireno, akapotea katikati, akarudi mwanzo, akapotea palepale. Nilijua kwamba analijua. Nilikuwa nimekula mihogo yake. Lakini lililokuwa likitakiwa ni sentensi, na sentensi hakuwa nayo. Direktori aliandika kitu kifupi. Kisha akaanza kuifunika kalamu.

“Direktori,” binti akasema, sasa kwa Kiswahili, “naomba nikuoneshe. Nikikosea nikikuonesha, sitakusumbua tena.”

Direktori akatazama saa yake. Akasema ana kikao saa nne. Lakini kalamu hakuifunika.

Binti akaleta hadubini dirishani, akampa kijiti safi cha meno, akamwomba akwaruze ndani ya shavu lake. Direktori alinitazama mimi. Mimi nilitazama dari. Akafungua mdomo, akakwaruza kwa uso wa mtu anayetimiza agizo la wizara, akamrudishia kijiti. Binti akakipaka kwenye kipande cha kioo, akadondosha dawa, akaweka chini ya lenzi, akashika kile kioo cha jua.

Wingu likaja.

Sijawahi kulichukia wingu namna ile, na sisi ni watu wa kuomba mvua. Chumba kilififia. Binti alibaki ameinama, vidole kwenye kioo, hageuki. Direktori alipigapiga daftari kwa kalamu, akasema labda siku nyingine, na sote watatu tulijua kuwa siku nyingine hakuna.

“Linapita,” binti akasema.

Alisema hivyo mara moja tu, akangoja. Kisha mwanga ukarudi juu ya mkono wake, kwanza kucha, halafu kioo. Akasogea pembeni.

Direktori aliinama. Akavua miwani, akainama tena.

“Haya madoa ni nini?”

“Ni wewe, direktori.”

Binti akamweleza, akichanganya lugha mbili bila kujali ipi inaanza wapi. Ule ukingo mwembamba ni utando, huchagua cha kupita na cha kubaki nje. Lile doa jeusi katikati ni kiini, chenye maagizo yote, ila kikiachwa peke yake kinakufa njaa, kwa hiyo kuna mitokondria za kukipa nguvu, ndogo mno kwa hadubini hii kuzionesha. Ukuta hakuna.

“Kwa nini hakuna?”

“Ungekuwa na ukuta, shavu lako lisingekunjika ukicheka.”

“Sijacheka,” akasema direktori, jicho lingali kwenye lenzi.

“Hata ukikasirika linakunjika.”

Nikauma midomo. Direktori akauliza, na kijani? Akajibiwa kwamba sisi hatupiki kwa jua, tunakula kwa waliopika. Akamwekea na lile jani la baharini, akatazama punje zikizunguka, akaomba arudishiwe tena shavu lake. Alikuwa ameacha kuuliza maswali ya kitabuni.

“Hizi ziko hai?”

“Zilikuwa hai ulipokuwa unakwaruza. Dawa ndiyo imeziua.”

“Na pale zilipotoka?”

“Zilizobaki zinagawanyika. Hadi kesho pengo limeziba.”

Direktori alibaki ameinama. Alikuwa ametembea siku nyingi msituni wakati wa kukimbia, kutoka upande wa Olumbi, na si wote alioondoka nao waliofika. Mimi nina wangu ambao hawakufika. Binti ana wake. Saa nne ilifika, ikapita, na hakuna aliyeitaja.

Kisha akainuka, akavaa miwani, akarudi kwenye daftari. Akaandika kwa mwandiko wake wa pole, akasoma kwa sauti alichokiandika: jina la binti, jina la baba yake, darasa la nane. Akamwuliza kama ni sawa. Binti akasema ni sawa. Akasema tena, ni sawa.

Vipande vyetu vya kioo vya kuwekea vitu chini ya lenzi ni vinne tu, na la tisa walikuwa wameshakuja mlangoni kuvidai. Binti akavikusanya aoshe. Alipofikia cha direktori alikishika juu ya ndoo, akasita, akakiinamisha kidogo, akakirudisha.

“Direktori,” akaita, “hizi nizimwage?”

Direktori alikuwa kizingitini, daftari kwapani. Aligeuka akakitazama kile kioo kwa muda, huku ulimi ukisukuma ndani ya shavu, ukitafuta mahali.

“Mwaga, mwanangu,” akasema. “Ninazo nyingine.”